Moshi na vumbi kwenye picha za setilaiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota darasani, kwenye simu na kwenye vikao vya kazi, kutoka kwa maofisa misitu, mabwana shamba, wanafunzi wa jiografia, na mara mojamoja mwandishi wa habari mwenye haraka. Sikuyapanga kwa ugumu wake. Kama huna muda, soma lile la ukijani na lile la nini cha kufanya.

Erosoli ni nini? Si ile dawa ya mbu ya kopo?

Hujakosea sana. Ukibonyeza kopo la dawa ya mbu, kinachotoka ni matone madogo mno yanayoelea, na hiyo ndiyo maana ya erosoli: chembe yoyote, ya maji au kavu, iliyo ndogo kiasi cha kukaa hewani bila kuanguka upesi. Angani kuna vumbi la jangwani, moshi wa mbuga zinazoungua, masizi ya magari na majiko, chumvi inayorushwa na mawimbi ya bahari, na matone ya asidi yatokanayo na gesi ya salfa ya volkano na viwanda. Chembe nyingi za moshi hazifiki hata mikroni moja. Za vumbi hufika mikroni kumi na kupita. Unywele wa kichwani kwako una unene wa mikroni kama 70.

Picha haina wingu hata moja. Kwa nini mnaikataa?

Kwa sababu kichujio cha tovuti ya kupakulia picha kinatafuta mawingu. Ukiomba picha zenye mawingu chini ya asilimia 5, moshi unapita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho.

Mimi mwenyewe niliumbuka hapo. Nilikuwa nalinganisha misitu ya miombo upande wa Tabora, picha ya Juni na ya Septemba. Zote mbili zilikuwa "safi". Kompyuta ikanichorea ukanda mwekundu mrefu wa msitu uliokufa, nikautuma kwa afisa nyuki mmoja wa huko akahakiki. Akanipigia jioni. "Kaka, huo msitu uliokufa ndiyo nimeshinda ndani yake leo. Mizinga iko, nyuki wako, miti iko. Moshi tu ndiyo umetutoa machozi." Nilipoirudia ramani nikaona nilichopaswa kukiona tangu mwanzo: ule ukanda ulikuwa umenyooka kufuata upepo, ukavuka mto, mashamba ya tumbaku na barabara bila kujali. Msitu haufi hivyo.

Chembe ndogo namna hiyo zinawezaje kuharibu picha iliyopigwa kutoka mamia ya kilomita juu?

Umeshapanda basi la kutoka Dodoma kwenda Singida jioni, jua likiwa mbele? Kioo kina vumbi jembamba ambalo mchana hata hulioni. Jua likikipiga sawasawa, kioo kizima kinawaka na dereva anashusha kizuia jua ili aione barabara. Vumbi ni lilelile, na barabara ipo palepale. Kilichobadilika ni kwamba mwanga umeanza kumfikia dereva ukitoka kwenye kioo chenyewe.

Setilaiti iko katika hali ya dereva huyo siku nzima. Landsat inapita kilomita 705 juu yetu, Sentinel-2 kilomita 786, na erosoli nyingi zimelala kwenye kilomita chache za chini kabisa, kama shuka juu ya kitanda. Mwanga wa jua unaipita shuka hiyo mara mbili, ukishuka na ukipanda, na mambo matatu hutokea. Sehemu ya mwanga inarudi juu kabla haijagusa ardhi. Huo ni mwanga wa bure ambao kamera inauhesabu kana kwamba umetoka shambani. Sehemu nyingine inatawanywa au kufyonzwa njiani, kwa hiyo habari za ardhi zinafika zimepungua. La tatu husahaulika: mwanga uliotoka kwa jirani unapotoshwa njia na kuingia kwenye pikseli yako. Shamba dogo la mpunga lililozungukwa na mchanga mweupe litaonekana jeupe kuliko lilivyo, na bwawa dogo katikati ya msitu litaonekana kana kwamba lina majani.

Hewa yenyewe, hata ikiwa safi kabisa, hutawanya mwanga pia, hasa wa buluu. Lakini hiyo hainikoseshi usingizi. Kiasi chake kinajulikana kutokana na kanieneo ya hewa na mwinuko wa mahali, kwa hiyo kinaondolewa kwa hesabu tu. Erosoli ndizo zinazobadilika kati ya asubuhi na mchana, kati ya bonde na kilima.

Kwa hiyo moshi huifanya picha iwe nyeupe zaidi?

Inategemea kilicho chini yake. Vitu vyeusi, kama ziwa au msitu mnene, hung'aa zaidi kwa sababu ya ule mwanga wa bure. Vitu vinavyong'aa, kama mchanga au mabati mapya, hufifia, maana vinachopoteza njiani ni kingi kuliko vinachoongezewa. Katikati kuna kiwango fulani cha mng'ao ambapo faida na hasara zinalingana, na hapo unaweza kupitisha erosoli tele bila pikseli kubadilika.

Ndiyo maana wenzetu walioko Oman na Ghuba wana shida ya aina yake. Dhoruba ya vumbi juu ya Bahari ya Uarabuni inaonekana hata kwa mtoto. Dhoruba hiyohiyo ikiwa juu ya mchanga wa jangwa inaweza isionekane kabisa kwenye picha ya rangi za kawaida, ingawa barabarani madereva wamewasha taa mchana.

Aina ya chembe nayo ina usemi wake. Moshi wa mbuga za kusini mwa Afrika una masizi mengi kuliko ule wa misitu ya Amazon, kwa hiyo unafyonza zaidi na kuangaza kidogo. Kiasi kilekile cha moshi, matokeo mawili tofauti.

Ukijani unaathirikaje? Sisi tunatumia NDVI tu.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, basi tupige hesabu. NDVI, kipimo cha ukijani, ni tofauti ya infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho, ulio jirani na nyekundu) na nyekundu, ukagawanya kwa jumla yake. Chukua shamba la mahindi yaliyostawi: linaakisi 0.04 kwenye nyekundu na 0.40 kwenye infraredi ya karibu. Tofauti ni 0.36, jumla ni 0.44, NDVI ni 0.82. Shamba zuri.

Sasa weka moshi. Nyekundu, kwa kuwa ilikuwa nyeusi, inapanda mpaka 0.08. Infraredi, kwa kuwa ilikuwa inang'aa, inashuka kidogo mpaka 0.38. Tofauti 0.30, jumla 0.46, NDVI 0.65. Hakuna jani lililonyauka, ila umepoteza 0.17, na kwenye ripoti nyingi za ukame tofauti ya namna hiyo inatosha kuitisha kikao. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, ila mwelekeo wake ni wa kweli: juu ya mimea, erosoli hushusha NDVI, karibu kila mara. Ingekuwa inapandisha leo na kushusha kesho, wastani wa picha nyingi ungetusaidia. Hii inasukuma upande mmoja tu.

Na kwetu inasukuma wakati mbaya. Miombo hupukutisha majani kuelekea mwisho wa kiangazi. Huo ndio wakati nyika zinachomwa, ardhi inaachwa na makovu meusi, na moshi unatanda. Majani yanapungua, makovu yanaongezeka, moshi unazidi, na yote matatu yanashusha NDVI. Kisha miombo ina tabia yake ya ajabu ya kuchipua kabla ya mvua, majani machanga mekundu yakitoka huku moshi haujaisha. Anayetaka kujua tarehe ya kuchipua kwa kutumia NDVI peke yake anaweza akapata tarehe ambayo mvua ya kwanza iliusafisha moshi, akaiita tarehe ya majani.

AOD ni nini, na nianze kuogopa ikifika ngapi?

Ni kipimo cha jumla ya erosoli kutoka ardhini hadi juu kabisa ya anga. Faili nyingine huandika AOT. Mimi hukiita kina cha erosoli. Jua likiwa utosini, kina cha 0.1 kinaruhusu kama asilimia 90 ya mwanga wa moja kwa moja ufike chini. Kina cha 0.5 kinaruhusu asilimia 61, cha 1 asilimia 37, cha 2 asilimia 14 tu. Mwanga mwingine haupotei wote. Mwingi unafika ukiwa umetawanywa, ndiyo maana siku ya moshi vivuli vinakuwa hafifu.

Namba imeandikwa kwa rangi fulani ya mwanga, mara nyingi nanomita 550, yaani kijani. Kwa moshi, kina hupungua haraka ukienda kwenye mawimbi marefu. Kwa vumbi kinabaki karibu palepale. Msweden Anders Ångström ndiye aliyeuandika uhusiano huo mwaka 1929, na mpaka leo kipeo cha Ångström ndicho kinachotuambia haraka kama tunaangalia moshi au vumbi: karibu na 2 ni moshi, karibu na 0 ni vumbi au chumvi.

Kuhusu hofu: chini ya 0.1 mimi nalala. Kati ya 0.1 na 0.3 naamini masahihisho ya kawaida. Kuanzia 0.5 sigusi picha kwa kazi ya kulinganisha miaka, labda niwe sina nyingine. Hayo ni mazoea yangu, wala si kanuni ya mtu.

Kwa Afrika Mashariki, miezi mibaya ni ipi?

Juni hadi Oktoba kwa magharibi na kusini mwa Tanzania, kusini mwa Kongo, Zambia na Angola. Huo ni mmoja wa misimu mikubwa kabisa ya moto duniani. Kuanzia Desemba hadi Februari moto unahamia kaskazini ya ikweta, Sudan Kusini na Afrika ya Kati, na kaskazi inaweza kushusha moshi na vumbi kuelekea Uganda na Kenya. Wakati wa kusi, upepo mkali wa pembe ya Afrika unapandisha vumbi la Somalia juu ya bahari, na upande wa Ghuba ni msimu wa shamal, upepo wa huko unaoinua vumbi. Pwani chumvi ipo mwaka mzima, ila kwa kawaida si nyingi. Masika mvua inaosha anga vizuri sana, halafu mawingu yanakunyima picha. Ndiyo bei yake.

Setilaiti inajuaje kiasi cha erosoli, wakati inaona moshi na ardhi vimechanganyika?

Swali zuri kuliko yote. Una namba moja, na ndani yake kuna vitu viwili usivyovijua. Kila mbinu iliyopo ni ujanja wa kukisia kimoja ili upate cha pili.

Ujanja maarufu ulitengenezwa na Yoram Kaufman na wenzake wa NASA kwa ajili ya kamera ya MODIS, iliyorushwa na setilaiti ya Terra Desemba 1999 na Aqua Mei 2002. Walianza na jambo moja la kimaumbile: chembe za moshi ni ndogo mno kwa mwanga wa mikroni 2.1, infraredi ya mawimbi mafupi. Mwanga huo unazipita kama ng'ombe anavyopita kwenye majani marefu. Kwa hiyo bendi hiyo, yaani kipande hicho cha mwanga kinachorekodiwa peke yake, inaiona ardhi yenyewe. Kisha wakagundua kwamba juu ya mimea minene, uakisi wa nyekundu ni karibu nusu ya ule wa mikroni 2.1, na wa buluu ni karibu robo. Ukiona 0.10 kwenye mikroni 2.1, unategemea 0.05 kwenye nyekundu na 0.025 kwenye buluu. Kamera ikikuletea 0.09 kwenye buluu hata baada ya kutoa mtawanyiko wa hewa, ziada hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni erosoli. Toleo la sasa la uhusiano huo lina marekebisho mengi, lakini wazo ni lilelile.

Udhaifu wake unaonekana mara moja: unahitaji mimea mieusi, mibichi. Septemba kwenye miombo isiyo na majani, na kwenye makovu ya moto ambayo ni meusi lakini si mimea, ile nusu na robo haishiki. Jangwani ndiyo kabisa. Kwa majangwa, timu ya Christina Hsu ilitumia njia iitwayo Deep Blue, kwa sababu mchanga unaong'aa kwenye nyekundu huwa mweusi kiasi kwenye buluu ya mwisho, na erosoli zikipita juu yake zinaonekana. Njia ya tatu, MAIAC ya Alexei Lyapustin, inakumbuka: inafuatilia kila kipande cha ardhi kwa siku nyingi, ikijua kwamba ardhi hubadilika polepole na anga hubadilika upesi. Mimi ndiyo ninayoipenda kwa nyika zetu.

Halafu mtu lazima asimame chini na kuhakiki. Kazi hiyo inafanywa na mtandao wa AERONET, ulioanzishwa na Brent Holben wa NASA miaka ya 1990: vifaa vidogo vinavyolitazama jua lenyewe na kupima limepungua kiasi gani, kwa usahihi wa karibu 0.01. Kwetu vimewahi kuwekwa Nairobi, Mbita kando ya Ziwa Victoria, na Malindi kwenye kituo cha anga cha Luigi Broglio, palepale iliporushiwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Ukihesabu vituo vya Ulaya kisha uhesabu vyetu, utaelewa kwa nini namba za Ulaya zinaaminika zaidi. MODIS kwa njia ya mimea mieusi inatarajiwa kukosea kwa 0.05 ukijumlisha asilimia 15 ya kina chenyewe, na huo ni wastani wa dunia. Kwenye wilaya yako kosa linaweza kuwa kubwa zaidi.

Mimi napakua data ya L2A, tayari imesahihishwa. Si imetosha?

Imesaidia sana. Haijamaliza.

L1C ya Sentinel-2 ni uakisi unaoonekana kutoka juu ya angahewa. L2A ni ule unaokadiriwa kuwa wa ardhi, baada ya programu ya Sen2Cor kuondoa anga. Kumbuka neno "unaokadiriwa". Sen2Cor inatafuta mimea mieusi kwenye kigae, yaani kipande cha picha cha kilomita 110 kwa 110, inakadiria erosoli, kisha inatumia hesabu. Isipopata mimea ya kutosha inalazimika kutegemea thamani iliyoazimwa kwingine. Pia kwa kawaida inachukulia kuwa chembe ni za "vijijini", aina iliyoelezwa kwa mazingira ambayo si mbuga ya Katavi inayoungua.

Fanya jaribio dogo. Ndani ya folda ya L2A kuna faili la AOT. Ligawanye kwa 1000 upate kina chenyewe. Mara nyingi utakuta limetandazwa karibu sare kigae kizima, wakati kwa macho yako unaona moshi umejaa kona moja na kona nyingine iko wazi. Ikiwa hivyo, kona ya moshi imesahihishwa pungufu na kona safi imesahihishwa kupita kiasi. Huko safi maji yanaweza hata kupata uakisi hasi, kitu ambacho hakipo duniani.

Na picha ikitoka baada ya tarehe 25 Januari 2022, usisahau kutoa ile 1000 iliyoongezwa kwenye namba za pikseli za Sentinel-2. Hilo halihusiani na erosoli, ila nimeona watu wakilaumu moshi kwa kosa hilo.

Na Landsat?

Kuanzia Landsat 8, iliyorushwa 2013, kuna bendi ya 1 ya buluu ya mwisho iliyowekwa mahsusi kwa erosoli na maji ya pwani, na LaSRC, programu ya kuondoa anga kwenye picha za Landsat, inaitumia. Kila picha ya uakisi wa ardhi inakuja na bendi ya ubora inayoitwa SR_QA_AEROSOL, inayosema pikseli ina erosoli kidogo, za wastani au nyingi. Waandaaji wenyewe wanashauri pikseli zenye erosoli nyingi zisitumike. Watu wengi wanafuta mawingu kwa bidii kisha bendi hii hawaifungui kabisa.

Ninafuatilia maji ya Ziwa Victoria. Kuna tofauti?

Kubwa. Juu ya maji, karibu asilimia 90 ya mwanga unaofika kwenye kamera umetoka angani, na kilichobaki ndicho kinachobeba habari za mwani na tope. Kosa la 0.1 kwenye kina cha erosoli linaweza kuleta kosa la karibu 0.01 kwenye uakisi. Kwa shamba lenye 0.40 si kitu. Kwa maji yenye 0.02 ni nusu ya namba yako.

Mbinu za bahari kuu hudhani kuwa maji ni meusi kabisa kwenye infraredi ya karibu, hivyo chochote kinachoonekana hapo kinahesabiwa kuwa ni erosoli. Ghuba ya Winam yenye magugu maji, mwani na tope la mito haiko hivyo. Inang'aa kwenye infraredi, programu inadhani ni moshi, inaondoa kupita kiasi. Tumia programu zilizotengenezwa kwa maziwa ya bara, au zile zinazotumia infraredi ya mawimbi mafupi, ambako hata maji machafu ni meusi. Setilaiti ya PACE, iliyorushwa Februari 2024, imebeba pia kamera mbili zinazopima mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, na hizo zinatofautisha aina za chembe vizuri kuliko rangi peke yake.

Joto la ardhi je?

Moshi mwembamba hausumbui sana hapo. Vumbi linasumbua, kwa sababu chembe zake ni kubwa na madini yake hufyonza mawimbi ya joto. Setilaiti inaona ardhi baridi kuliko ilivyo. Ukiona ramani ya joto ya Ghuba imepoa ghafla siku ya dhoruba, sehemu ya baridi hiyo ni ya kweli, maana jua limezibwa, na sehemu ni ya kamera. Kuzitenganisha kunahitaji vipimo vya chini.

Volkano inaweza kuharibu rekodi za miaka?

Imeshafanya hivyo. Pinatubo ya Ufilipino ililipuka tarehe 15 Juni 1991 ikarusha tani kati ya milioni 15 na 20 za gesi ya salfa hadi tabaka la juu ambako mvua haifiki. Gesi ikageuka matone ya asidi, yakaizunguka dunia na kukaa zaidi ya mwaka. Setilaiti zenye kamera ya AVHRR zikaanza kusoma bahari za tropiki kuwa na baridi kuliko zilivyokuwa, kwa zaidi ya digrii moja mahali pengine. Ukijani nao ukashuka kwenye rekodi. Ndiyo maana mfululizo wa NDVI wa GIMMS una masahihisho maalumu kwa miaka ya baada ya El Chichón, ya Mexico mwaka 1982, na baada ya Pinatubo. Mwanafunzi anayechora mstari wa ukijani wa Sahel kuanzia 1981 aulize kwanza data yake ilifanyiwa nini kwenye vipindi hivyo viwili.

Wataalamu wakubwa nao hudanganywa?

Hubishana. Mwaka 2005 Amazon ilipata ukame mkali, na mwaka 2007 makala kwenye jarida la Science ikasema kuwa, kwa mujibu wa MODIS, msitu uliongezeka ukijani wakati wa ukame huo. Mwaka 2010 timu nyingine ikachuja upya picha zenye mawingu na erosoli, ikasema ongezeko lile halipo. Mwaka 2014 wengine wakaonyesha kuwa hata pembe ya jua ilichangia kwenye mabadiliko ya majira yaliyodhaniwa kuwa ya majani. Na hao walikuwa wanatumia EVI, kipimo kinachoazima bendi ya buluu kwa makusudi ili kupunguza athari ya erosoli.

Radar inaona kupitia moshi?

Ndiyo, bila taabu. Mawimbi ya Sentinel-1 yana urefu wa sentimita tano na nusu hivi. Chembe za mikroni hayazijui. Ila haioni ukijani, inaona umbo na unyevu. Ni kifaa kingine, si mbadala.

Na droni?

Droni iko chini ya shuka, kwa hiyo hewa iliyo kati yake na shamba ni mita mia tu. Mwanga unaolifikia shamba bado umebadilishwa na moshi wa juu, basi piga picha ya kile kibao cha kijivu cha kulinganishia mwanga kabla na baada ya kuruka.

Basi nifanye nini na picha yenye moshi?

Kwanza itazame. Namaanisha kwa macho, kwa rangi za kawaida, picha nzima, si kile kipande chako tu. Kisha fungua bendi ya buluu peke yake: moshi usioonekana kwenye rangi unajitokeza kama maziwa yaliyomwagika. Linganisha na bendi ya 12 ya Sentinel-2, ile ya nanomita 2190. Kama mito na mipaka ya mashamba ni mikali kwenye 12 na imefifia kwenye 2, una moshi. Kama imefifia kote, una vumbi zito au wingu jembamba. Bendi ya 10 kwenye L1C itakuambia kama ni wingu la juu.

Halafu badili swali uliloliuliza. Makovu ya moto na ukataji wa miti vinaweza kufuatiliwa kwa NBR, inayotumia infraredi mbili na kuiacha nyekundu, na moshi haiugusi sana. Kama lazima iwe NDVI, kusanya picha za wiki kadhaa. Tangu miaka ya 1980 watu wamekuwa wakichukua thamani ya juu kabisa kwa kila pikseli, kwa hoja kwamba erosoli hushusha, hivyo ya juu ndiyo safi. Hoja ni sahihi mpaka moshi ukae mwezi mzima. Hapo ya juu kabisa ni ile yenye moshi nafuu, na miaka yenye moto mwingi itaonekana mikavu kuliko ilivyokuwa.

Tafuta pia kitu kisichobadilika: paa kubwa la ghala, uwanja wa ndege, mwamba mtupu, kilindi cha ziwa. Angalia vimesoma ngapi kwenye picha zote mbili. Paa likiwa limefifia na ziwa limeng'aa kwa siku moja, usiandike chochote kuhusu msitu. Mimi nina orodha ya paa kumi na moja Tabora na Urambo, na kila picha mpya nazipitia kabla sijafungua kitu kingine.

Naweza kupima erosoli mwenyewe, bila kifaa?

Kupima kwa namba, hapana. Kukadiria, ndiyo. Asubuhi yenye jua simama kwenye kivuli cha nguzo ili jua lenyewe lizibwe kabisa, usilitazame hata kidogo, kisha angalia anga linaloizunguka nguzo. Buluu ikifika karibu kabisa na ukingo, anga ni safi. Ukiona weupe mpana kama sahani kulizunguka jua, chembe zipo. Andika saa na tarehe. Sentinel-2 hupita saa nne na nusu asubuhi hivi kwa saa ya jua, na siku inapopita kwako unaweza kuipata kwenye kalenda yake. Nina afisa nyuki mmoja anayenitumia ujumbe siku hizo, neno moja tu, "buluu" au "maziwa".